Maji ya Jirani na Haki ya Aliye Chini

Masika yakisha kuingia Dar es Salaam, baina ya Machi na Mei, wakaao katika miteremko ya Kimara, Goba na Makongo huanza kusikia usiku mshindo wa maji yanayopita mahali ambapo mwaka uliopita hayakupita. Na kunapopambazuka, yule ambaye kiwanja chake kiko chini ya kiwanja cha mwenziwe hutoka akakuta uani pametandazwa udongo mwekundu usiokuwa wake, msingi wa nyumba umechimbuliwa upande mmoja hata mawe yake yanaonekana, na lipu ya chumba cha nyuma imefura na kuanza kubanduka. Hapo maneno huzuka. Wa juu husema kwamba mvua ni ya Mwenyezi Mungu na mteremko hakuuchonga yeye. Wa chini hujibu kwamba mvua ndiyo ile ile ya miaka yote, kilichozidi ni nyumba ya bwana huyu. Kila mmoja ameshika nusu ya sheria, na aghalabu hakuna kati yao aijuaye nusu ya pili.

Katika Tanzania Bara, sheria ya madhara baina ya majirani haikuandikwa yote katika kitabu kimoja kilichotungwa na Bunge. Sehemu yake kubwa ni ile iliyopokewa kutoka Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri inavyoafikiana na hali za watu wa nchi hii. Kenya nayo ilipokea kwa namna hiyo hiyo, ila tarehe yake ni 12 Agosti 1897. Ndiyo sababu hakimu wa Dar es Salaam au wa Mombasa aweza kuwa akisikiliza shauri la mtaro uliozibwa nyuma ya choo cha mtu, huku mawakili wakimtajia bwawa la Lancashire na migodi ya makaa ya mawe ya karne ya kumi na tisa. Hukumu za Waingereza zilizotolewa baada ya tarehe hizo hazimfungi hakimu wetu, lakini husikilizwa kwa heshima, na mara nyingi hufuatwa.

Sheria hiyo huuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, maji haya yameteremka kwa tabia ya nchi, au yameelekezwa kwa mkono wa mtu? Tangu kesi ya Smith dhidi ya Kenrick, ya mwaka 1849, imekuwa kanuni kwamba maji yanayofuata mteremko wake wa asili, bila ya kusukumwa wala kukusanywa na mtu, hayamtii hatiani mwenye ardhi ya juu, hata yakimfika wa chini na kumletea hasara. Huu ndio upande wa kanuni unaompa wa juu ulimi mrefu. Walakini kanuni hiyo haikumfunga wa chini ayapokee maji hayo mikono kifuani. Mwaka 1987, katika kesi ya Home Brewery dhidi ya William Davis, mahakama ya Uingereza ilisema kwamba wa chini ana ruhusa ya kuyazuia yasiingie kwake, mradi hatua anazochukua ziwe za kiasi na zinazohusu matumizi ya haki ya ardhi yake. Akipita kiasi, maji yakarudi juu na kuharibu mali ya mwenziwe, yeye ndiye atakayekuwa mdaiwa.

Basi tuutazame huo mkono wa mtu kwa karibu, kwani hapo ndipo shauri zima linaposimama au kuanguka. Chukua nyumba mpya iliyojengwa mteremkoni, yenye paa lililofunika mita za mraba 200. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 60, ambayo si ajabu kwa usiku mmoja wa masika pwani, hushusha juu ya paa hilo lita 12,000, yaani matangi kumi na mawili ya lita elfu moja moja. Ongeza ua wa mita za mraba 300 uliotandikwa pevingi kutoka ukuta hadi ukuta, na hizo ni lita 18,000 nyingine. Kabla ya ujenzi, sehemu ya maji hayo ilikuwa ikinywewa na udongo baina ya majani na migomba, na iliyobaki ikatawanyika ikiteremka polepole katika upana wote wa kiwanja. Sasa mwenye nyumba ameinua kiwanja kwa kifusi, amezungusha ukuta, na kwa kuwa fundi alimwonya kwamba ukuta usio na pa kupumulia utaangushwa na maji, ametoboa matundu mawili chini yake, nayo yote mawili yanaelekea kwa jirani. Mvua haikuzidi hata tone; lakini kilichokuwa kikienea kimekuwa bomba. Mtu wa namna hii hawezi tena kujikinga kwa kuutaja mteremko, maana maji yaliyotoka katika matundu yale ni maji aliyoyakusanya yeye, akayachagulia njia.

Kesi inayotajwa kuliko zote katika mlango huu ni ile ya Rylands dhidi ya Fletcher. Rylands alikuwa mwenye kiwanda, akawapa wakandarasi kazi ya kumjengea bwawa. Wakandarasi, wakichimba, walikuta mashimo ya kale ya mgodi yaliyojaa udongo, wasiyazibe sawasawa. Desemba 1860 bwawa lilijazwa maji, maji yakapasua chini, yakapita katika mashimo yale na kuugharikisha mgodi wa Fletcher. Rylands mwenyewe hakuwa na uzembe wowote. Hakuyajua mashimo, wala kazi hakuifanya kwa mkono wake. Hata hivyo mwaka 1868 Baraza la Malordi lilimtia hatiani, kwa hoja kwamba mtu anayeleta katika ardhi yake na kukusanya humo kitu ambacho kikitoroka kitadhuru, hukiweka kwa dhima yake mwenyewe. Ni kanuni kali, na kwa ukali wake imewekewa mpaka: yahusu matumizi ya ardhi yasiyo ya kawaida. Katika Rickards dhidi ya Lothian, mwaka 1913, bomba la maji ndani ya jengo lilihesabiwa kuwa matumizi ya kawaida, na mwenye jengo akasalimika kwa maji yaliyofurika kwa sababu ya mtu mwenye nia mbaya aliyefungulia bomba. Kwa hiyo msomaji ambaye tangi la jirani limepasuka na kumlowesha asitegemee Rylands peke yake. Itampasa aonyeshe uzembe, kama vile mnara uliojengwa kwa nondo dhaifu, au tangi lililokuwa likivuja miezi mingi bila kushughulikiwa.

Kwa mambo ya kila siku, dai lenye nguvu zaidi ni lile ambalo wanasheria huliita kero, nalo ni kumharibia mtu raha ya kutumia mali yake kwa jambo linalotoka katika mali ya mwingine na kupita kiasi cha kuvumiliana. Hapa hakimu hupima mengi pamoja: limetokea mara ngapi, limedhuru nini, gharama ya kulizuia ni kubwa au ndogo, na mdaiwa alijua au hakujua. Hilo la kujua lina uzito wa pekee. Mwaka 1940, katika Sedleigh-Denfield dhidi ya O'Callaghan, bomba liliwekwa katika mtaro ndani ya ardhi ya wadaiwa na watu ambao hawakuwapa idhini, na wavu wa kuzuia takataka ukawekwa mahali pasipofaa. Bomba likaziba, maji yakamfurikia jirani. Wadaiwa walisema hawakulijenga wao. Mahakama ikajibu kwamba wamelijua, wamelitumia, wameliacha: wamelifanya lao. Kwa insafu hiyo, mtu aliyenunua nyumba ikiwa na mtaro mbovu hawezi kumsingizia aliyemwuzia baada ya kuambiwa na jirani yake kwamba mtaro unadhuru.

Kinga ya mwisho ya wa juu ni kusema kwamba mvua ile ilikuwa kudura. Sheria huitambua kinga hiyo, lakini huifungulia mlango mwembamba sana. Mwaka 1876, katika Nichols dhidi ya Marsland, mwenye mabwawa ya mapambo alisamehewa kwa kuwa mvua iliyoyapasua haikupata kuonekana mfano wake kwa kumbukumbu za watu. Lakini mwaka 1917 halmashauri ya mji wa Greenock huko Uskoti, iliyokuwa imejenga kidimbwi cha kuchezea watoto katika njia ya kijito na kukigeuza mkondo, haikusamehewa, ijapokuwa nayo ilidai mvua kubwa isiyo ya kawaida. Masika huja kila mwaka. Mtu aliyejenga Dar es Salaam asiitegemee mvua ya Aprili kuwa jambo lisilotazamiwa, seuze baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyougharikisha mji hata serikali ikalazimika kuwahamisha watu wa bonde la Msimbazi. Takwimu za mvua ya siku fulani hupatikana kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na karatasi moja ya namna hiyo yaweza kumaliza mabishano ya saa nzima.

Nigeuke kidogo niseme neno la pwani. Mas'ala haya hayakungoja Waingereza. Mafakihi wa Kiislamu walikwisha kuyapambanua zamani, wakaandika juu ya haki ya masili, yaani haki ya mtu kupitisha maji yanayotoka kwake katika milki ya mwenziwe, wakatenga ile iliyothibiti tangu kale na ile inayozushwa leo. Na juu ya yote wakaweka kanuni ya kukataza watu wasitiane madhara. Katika miji ya mawe, kama Lamu na Unguja, ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta na mlizamu wa paa moja hutema maji yake katika kichochoro cha watu wote, watu hawangeweza kuishi pamoja pasipo fikira kama hizo. Leo mahakama za kadhi hazisikilizi mashauri ya mitaro, zinashughulika na ndoa, talaka na mirathi; lakini wazee wakikaa kusuluhisha, hoja wanazozitumia bado ni zile. Na kwa kweli Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inatambua haki ya kupitisha kitu katika ardhi ya mwingine inapokuwa imetolewa kwa taratibu. Kabla hujamshitaki mtu, hakikisha kwamba hakuna makubaliano ya zamani, ya kwako au ya aliyekuuzia, yaliyompa njia hiyo ya maji.

Hivyo ndivyo ilivyo sheria. Shida ya watu wetu, kwa nadhari yangu, ni ushahidi kuliko sheria. Wengi hufika mbele ya baraza na picha kumi za ukuta uliolowa, na ukuta uliolowa hauthibitishi kitu ila kwamba umelowa. Picha yenye maana ni ile iliyopigwa mvua ikinyesha, inayoonyesha maji yakitoka tunduni na kuingia kwako, katika mkupuo mmoja usiokatika. Ifuatwe na ya mahali hapo hapo pakiwa pakavu, rula au futi ikiwa imewekwa kando ya shimo lililochimbika. Simu iliyopiga picha ihifadhiwe, maana tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ushahidi wa aina hii hupokewa, ila mahakama hutaka kujua umetunzwaje na haukuchezewa. Andika daftari: tarehe, saa, mvua ilianza lini, maji yalifika wapi. Mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa aone kwa macho yake, na jirani wa tatu asiye na upande. Kisha, ikiwa nyufa zimeanza, mlipe mhandisi akague na kuandika chanzo chake, kwa kuwa mdaiwa atasema nyumba yako ilijengwa vibaya tangu mwanzo, na pengine atakuwa anasema kweli. Chumvi inayopanda ukutani kutoka chini si lazima iwe imeletwa na jirani. Huenda msingi wako haukutandikwa karatasi ya kuzuia unyevu.

Baada ya hayo, barua. Iwe ya Kiswahili safi, isiyo na matusi, ieleze kilichotokea na lini, kinachotakiwa kufanywa na kwa muda gani, nayo ipelekwe kwa mkono na nakala isainiwe na aliyeipokea. Barua hiyo ndiyo inayomfanya jirani ajue, nasi tumekwisha kuona kujua kuna uzito gani.

Jirani akinyamaza, milango iko zaidi ya mmoja, na si yote inayopelekea mahakamani. Kama maji yanayoingia kwako yanatoka katika chemba ya choo au karo, afisa afya wa kata ana mamlaka ya kumwamuru mtu aondoe uchafu huo, na mara nyingi mkono wake ni mwepesi kuliko wa hakimu. Kama jirani amejenga ukuta au kuinua kiwanja bila ya kibali cha ujenzi, au kinyume cha michoro aliyoidhinishiwa, idara ya mipango miji ya halmashauri yaweza kumsimamisha. Hizi ni ofisi ambazo hazilipishi ada ya shauri, na mimi ningezianza kabla ya kutafuta wakili.

Kwa mgogoro wa ardhi, utaratibu wa Bara uliowekwa na sheria ya mwaka 2002 huanzia katika Baraza la Kata, lenye wajumbe wasiopungua wanne wala kuzidi wanane, watatu wakiwa wanawake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halihukumu tena. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa huandika kwamba limeshindwa. Pasipo uthibitisho huo, au siku 30 kupita bila suluhu, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri. Wapo wanaoichukulia hatua hii kuwa upotevu wa siku, wakaenda katani kugonga muhuri tu. Hapa sikubaliani nao. Mtaro wa maji ni jambo ambalo wajumbe waweza kwenda kuliona kwa miguu yao siku ile ile, wakasimama juu ya tundu lenyewe, jambo ambalo hakimu hulifanya kwa nadra.

Kuna swali moja la kitaalamu lisilopasa kurukwa. Je, dai lako ni mgogoro wa ardhi, au ni dai la fidia ya madhara tu? Ikiwa mpaka wenyewe unabishaniwa, au njia ya maji inadaiwa kuwa haki, njia ni ya mabaraza ya ardhi. Ikiwa hakuna anayebishia ardhi ya mwenziwe, unataka tu kulipwa ukuta ulioangushwa, yawezekana shauri likawa la mahakama za kawaida. Jawabu hutegemea namna madai yalivyoandikwa, na shauri lililofunguliwa pasipostahili huweza kutupwa baada ya miaka mitatu ya nenda rudi. Muulize wakili au mtoa msaada wa kisheria jambo hili kabla ya jingine lolote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua pia wasaidizi wa kisheria walio mitaani. Kenya jambo hili limerahisishwa kidogo kwa kuwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 chini ya Katiba ya 2010.

Unapofika barazani au mahakamani, uombe nini? Watu hukimbilia fedha, nami naona wamekosea mpangilio. Kitu cha kwanza kuombwa ni amri ya zuio, itakayomlazimu jirani aache kuyaelekeza maji kwako, na kama masika yako mlangoni, zuio la muda wakati shauri likingoja. Masharti ya zuio la muda yalitajwa na Mahakama Kuu katika Atilio dhidi ya Mbowe, mwaka 1969: kuwe na suala zito la kuamuliwa lenye dalili ya kufaulu, kuwe na hasara ambayo fedha hazitaitibu, na mizani ya usumbufu imwelemee mwombaji. Nyumba inayochimbuliwa msingi huyatimiza masharti hayo kwa urahisi kuliko zulia lililolowa. Fidia huja nyuma yake, nayo ina masharti yake magumu: hasara mahususi, kama mifuko ya saruji, ujira wa fundi na kodi ya chumba ulichohamia, lazima itajwe moja moja katika hati ya madai na kuthibitishwa kikamilifu, kama Mahakama ya Rufani ilivyokumbusha katika Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, mwaka 1992. Asiye na risiti hana hasara mahususi. Fidia ya jumla, kwa maumivu na usumbufu, iko katika busara ya hakimu, na busara hiyo kwa kawaida si ya mkono mrefu.

Huenda ukagundua kwamba mwenye kuyaelekeza maji kwako ni barabara ya halmashauri iliyoinuliwa pasipo kalvati, wala si jirani. Dai lipo, lakini njia yake ni nyingine: notisi ya siku 90 kwanza, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe katika shauri, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Usijaribu njia hii bila ya wakili.

Muda nao unakimbia. Madai ya madhara hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, Bara na Kenya vile vile. Kwa kuwa maji yanayorudi kila mvua ni kosa linaloendelea, muda hujifufua kila mara yanapoingia upya, ila kwa ukuta ulioanguka miaka minne iliyopita, mara moja tu, usitarajie kusikilizwa. Na katika kungoja, usichukue jembe usiku ukaenda kuziba matundu ya mtu ndani ya kiwanja chake. Sheria ya kale humruhusu mwenye kudhuriwa kuiondoa kero kwa mkono wake, lakini kwa masharti finyu kiasi kwamba aghalabu anayeitumia huishia kuwa mdaiwa, na kama amevunja kitu, mshitakiwa. Hata ndani ya kiwanja chako, ukijenga ukingo unaoyatupa maji kwa jirani wa tatu, huyo wa tatu ana dai juu yako lenye hoja zile zile ulizozitumia juu ya wa kwanza.

Mashauri mengi ya aina hii huishia katika suluhu, na suluhu iliyoandikwa vibaya huzaa shauri la pili. Kuandika kwamba pande mbili zimekubaliana kuishi kwa amani hakutoshi. Hati itaje mtaro utapita wapi, upana na kina chake kwa sentimita, utajengwa kwa tofali au kwa zege, maji yatamwagwa wapi mwishoni na kwa idhini ya nani. Itaje atakayelipa na kwa mafungu gani, siku ya mwisho ya kazi, na nani atauzibua kabla ya vuli ya Oktoba na kabla ya masika ya Machi. Isainiwe mbele ya mashahidi, na kama shauri lilikuwa limekwisha kufunguliwa, isajiliwe iwe amri ya baraza au mahakama, ili asiyetimiza akazwe kwa hukumu ile ile, pasipo haja ya kufungua madai mapya.